Sharti na Marudio katika Lugha ya Amri: Habari za Sheli za Kwanza za Unix

Mwenye kuchunguza lugha yo yote hupenda kuuliza mapema jinsi lugha hiyo inavyosema "kama", jinsi inavyosema "mpaka", na jinsi inavyotaja jambo linalotendwa tena na tena. Mswahili huyatia mengi ya hayo katika kitenzi chenyewe: akija, asipokuja, angalikuja. Iko lakini lugha moja iliyoundwa na watu kwa makusudi, ambayo kwa muda wa miaka kadha ilitumiwa kila siku na mafundi hodari, nayo haikuwa na neno lake lenyewe la sharti wala la marudio. Hiyo ndiyo lugha ya amri, ambayo mtu huiandika mstari kwa mstari ili kuiagiza kompyuta kazi. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi sharti lilivyokaa nje ya lugha hiyo katika mfumo wa Unix, ni mahali gani hasa lilikokaa, na jinsi lilivyoingizwa ndani baina ya mwaka 1975 na 1979. Ni rahisi kuzisimulia habari hizi kana kwamba ni za chombo kibovu kilichokuja kutengenezwa baadaye. Mimi naona kuwa njia ya kwanza ilikuwa na sarufi yake kamili, ila sarufi hiyo haikuwamo katika maneno.

Yafaa kwanza kueleza sheli ni nini. Ni programu inayosoma maneno aliyoyaandika mtu, ikayafahamu kuwa ni jina la kazi na vitu vinavyohusika na kazi hiyo, kisha ikaiamsha programu nyingine iitende. Jina lake lilitolewa na Louis Pouzin, Mfaransa aliyefanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani. Pouzin alikuwa amekwisha andika, kwa mfumo ulioitwa CTSS, programu ya RUNCOM iliyoweza kusoma amri zilizowekwa tayari katika faili na kuzitekeleza mfululizo, kana kwamba mtu anaziandika kwa mkono. Mwaka 1965 aliieleza fikira hiyo kwa ajili ya mfumo mpya wa Multics, akaipa jina la ganda, kwa kuwa yazunguka kiini cha mfumo. Na Glenda Schroeder akaitengeneza sheli ya kwanza ya Multics. Hata leo ziko faili nyingi katika mifumo ya namna ya Unix ambazo majina yake huishia na herufi "rc", na wengi wazitumiao hawajui kwamba herufi hizo ni mabaki ya jina la RUNCOM.

Watu wa zama zile hawakuiona kazi ya kupanga amri kuwa ni kutunga lugha. Ushahidi mkubwa ni JCL, maneno ya kuagizia kazi katika mashine za IBM za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964. Humo sharti liliwekwa kinyume cha mazoea: neno COND lilitaja hali ambayo ikiwa ya kweli, hatua ile ya kazi hurukwa. Mtu alilazimika kufikiri kwa kukanusha kila alipotaka kuthibitisha. Fred Brooks, aliyeisimamia kazi ya mfumo huo, aliilaumu JCL vikali katika kitabu chake cha mwaka 2010, na sababu aliyoitaja ndiyo inayotuhusu hapa: waliodhaniwa kuwa wanapanga kadi chache za maagizo walikuwa wakiunda lugha, nao hawakujua.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Murray Hill, New Jersey, baada ya maabara hiyo kujitoa katika kazi ya Multics. Ken Thompson na Dennis Ritchie walichukua jina la sheli pamoja na fikira yake, lakini waliifanya kuwa programu ya kawaida kama nyingine yo yote. Sheli ya Thompson husoma mstari mmoja. Hujizaa nakala, yaani mchakato mpya. Nakala hiyo huvua nafsi ya sheli na kuvaa ile ya programu iliyotajwa. Sheli mzazi hungoja hata mwana amalize, kisha husoma mstari wa pili. Ritchie alieleza baadaye kwamba uwezo huo wa kuzaa mchakato uliongezwa katika mashine ya PDP-7 kwa mistari 27 tu ya maagizo. Mara ulipotiwa, amri ya kubadili saraka, yaani mahali pa kazi katika ghala ya faili, ikaacha kufanya kazi. Waliipekua programu kwa wasiwasi mpaka walipotambua sababu: aliyebadili mahali pake alikuwa mwana, naye alikufa papo hapo, mzazi alibaki pale pale alipokuwa. Ndipo amri hiyo ilipohamishwa ikawa ndani ya sheli yenyewe. Msomaji na aitunze habari hii, kwa maana itarudi.

Tatizo la pili lina uzito zaidi kwa shauri letu. Kila faili iliyofunguliwa ina kielekezi, yaani kumbukumbu ya pale kusoma au kuandika kulipofika, kama kidole cha msomaji kinavyofuata mstari kitabuni. Hapo kwanza kidole hicho kilikuwa mali ya kila mchakato peke yake. Mtu alipoandika amri mbili katika faili, akaiagiza sheli izitekeleze na majibu yote yaandikwe katika faili moja, majibu ya amri ya pili yaliandikwa juu ya yale ya kwanza na kuyafuta. Sababu yake ni kwamba kidole cha sheli mzazi hakikusogea hata kidogo, kwa kuwa mzazi hakuandika neno. Na kila mwana alirithi kidole kilichoko mwanzo wa ukurasa. Dawa ilikuwa kuviondoa vielekezi mikononi mwa michakato na kuviweka katika jedwali moja la mfumo, ili mzazi na wanawe wote washirikiane kidole kimoja. Akisogea mmoja, wote wamesogea.

Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kuandika. Ilipoelekea upande wa kusoma ndipo ilipozaa sarufi.

Tutazame sheli kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi toleo la sita la mwaka 1975. Sheli ilipopewa faili ya amri, iliifungua kama mlango wake wa kawaida wa kusomea, mlango ule ule unaotumika kusoma maneno kutoka mashine ya kuandikia. Wana wote wa sheli waliurithi mlango huo pamoja na kidole chake. Sasa, neno "goto", maana yake "nenda", halikuwa neno la sheli hata kidogo. Lilikuwa jina la programu ndogo iliyokaa nje, sawa na programu ya kuorodhesha faili au ya kunakili. Ilipoamshwa, programu hiyo ilikirudisha kidole hata mwanzo wa faili, ikasoma mistari mpaka ilipoukuta ulioanza kwa alama ya nukta mbili na jina lililotakiwa, ikakiacha kidole hapo, ikafa. Sheli iliyokuwa ikingoja iliamka na kuendelea kusoma kama kawaida yake. Haikuwa na habari kwamba imehamishwa. Kwa upande wake ilikuwa ikisoma mstari unaofuata tu.

Programu ya "exit", maana yake "toka", ilikuwa fupi kuliko hiyo: ilikipeleka kidole mwisho wa faili, basi. Sheli ilipotaka kusoma tena, ilikuta hapana neno lililobaki, ikamaliza kazi.

Na sharti je? Hilo nalo lilikuwa programu ya nje, jina lake "if". Tuseme mtu ameandika hivi:

if -r barua goto soma

Maana yake ni kwamba ikiwa faili iitwayo "barua" yasomeka, basi kidole kiende penye alama ya "soma". Sheli haikujua kwamba mstari huu una sharti. Iliona jina la programu, nalo ni "if", pamoja na maneno manne yanayolifuata. Ilimwamsha "if" na kumkabidhi maneno hayo. Naye "if" ndiye aliyepima: faili yasomeka au haisomeki? Ikisomeka, alivua nafsi yake na kuvaa ya "goto". Na "goto" akakisogeza kidole kinachoshirikiwa na sheli. Katika mstari huo mmoja hakuna hata hatua moja ya sharti iliyofikiriwa na sheli. Yote yametendwa na mjumbe, na njia pekee ya mjumbe kumjulisha bwana wake ilikuwa kukihamisha kidole kitabuni.

Nasema kwamba hii ni sarufi, na wala sio kasoro ya sarufi. Alama za mahali, kwenda mahali, na kupima kabla ya kwenda: kwa hizo tatu huweza kuelezwa kila sharti na kila marudio, maana mtu akitaka kurudia huiweka alama juu na kuamuru chini kurudi juu. Ila sarufi hiyo haikukaa katika muundo wa sentensi. Ilikaa katika uhusiano wa msomaji na ukurasa. Tena ilikubaliana na imani ya Thompson kwamba sheli isibebe mzigo unaoweza kubebwa na programu nyingine. Hata kazi ya kutafsiri alama ya nyota, inayosimama badala ya majina mengi ya faili, ilipewa programu ya nje iliyoitwa "glob". Ndiyo sababu sheli ya toleo la sita iliweza kuandikwa kwa lugha ya C katika mistari 900 hivi.

Walakini gharama zilikuwako, na zote zilitoka katika kidole kile kimoja. Sheli ililazimika kusoma herufi moja moja, kwa sababu kama ingesoma fungu kubwa mara moja na kuliweka akibani, kidole kingekuwa mbele ya mahali ilipo akili yake, na wana wangekuta ukurasa umekwisha pitwa. Programu ya "goto" haikuweza kufanya kazi mtu alipokuwa akiandika amri kwa mkono, kwa kuwa maneno yaliyokwisha andikwa katika mashine hayarudiwi kusomwa. Ilitoa neno la kosa na kukataa. Zaidi ya hayo, programu yo yote iliyoamshwa kutoka katika faili ya amri, ikiwa desturi yake ni kusoma mlango wa kawaida, ilisoma mistari iliyoifuata katika faili ile ile, ikaimeza, na sheli isiione tena. Wako walioigeuza hatari hiyo kuwa faida, wakaandika katika faili ya amri maneno yaliyokusudiwa kuliwa na programu. Lakini mtu aliyetaka programu imsikilize mwenyewe kutoka kwenye mashine yake hakuwa na njia nyepesi.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa kisarufi hasa. "If" aliweza kutawala amri moja tu, na amri hiyo sharti iwe programu ya nje. Amri iliyokaa ndani ya sheli, kama ile ya kubadili saraka, haikuweza kuwekewa sharti moja kwa moja, maana "if" ni mwana, na mwana hawezi kumhamisha mzazi. Hapa ndipo habari ya saraka inaporudi. Pande zote mbili sheria ni moja: mwana hana amri juu ya nafsi ya mzazi, ila juu ya kile walichoshirikiana.

Watumiaji walipoongezeka na faili za amri kurefuka, mtindo huu ulianza kulemea. Katika maabara ya Bell lilikuwako kundi lililotengeneza Unix kwa ajili ya kazi za watayarishaji wengi wa programu, nalo liliitwa PWB. Kuanzia mwaka 1975 John Mashey aliitanua sheli ya Thompson kwa ajili yao. Alilitia "if" ndani ya sheli, akalipa ndugu zake "then", "else" na "endif" ili sharti litawale mistari mingi, akaongeza "while" kwa marudio na "switch" kwa kuchagua, tena akaleta vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, ingawa kila jina lilikuwa la herufi moja. Mwaka 1976 alisoma makala mbele ya mkutano wa wahandisi wa programu, akionyesha jinsi lugha ya amri inavyoweza kutumika kama lugha ya juu ya kutungia programu. Kichwa cha makala hayo kilisema waziwazi jambo ambalo watu wa JCL hawakulitambua.

Aliyelikamilisha jambo ni Stephen Bourne, Mwingereza aliyetoka Cambridge, ambako alikuwa ameshughulika na kutafsiri lugha ya ALGOL 68 kwa mashine. Alifika katika maabara ya Bell mwaka 1975, na sheli yake ikatoka pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Bourne hakuanza na swali la mahali kidole kilipo. Alianza na swali la mwanasarufi: sentensi ni nini? Sheli yake ilipokuta neno "if" mahali panapostahili amri, haikutekeleza kitu mpaka imesoma kishazi chote hadi mwisho wake na kukijenga akilini kama mti wenye matawi. Ndani ya tawi moja liliweza kukaa sharti jingine, na ndani ya hilo marudio, bila kikomo. "Goto" akaondolewa kabisa. Hapakuwa na mahali pake tena.

Kwa kufunga vishazi alifuata desturi ya ALGOL 68, ambamo neno la kufungia ni lile la kufungulia lililogeuzwa: "if" hufungwa na "fi", na "case" hufungwa na "esac". Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mchezo wa Kinyume, uliojulikana sana Unguja, ambao silabi ya mwisho hupelekwa mwanzo. Lakini hapa hugeuzwa herufi zote, na shabaha si kuficha maana bali kuonyesha mpaka. Kwa kanuni hiyo "do" ingefungwa na "od", lakini jina la "od" lilikuwa limekwisha chukuliwa na programu ya kuchapa yaliyomo katika faili kwa hesabu ya msingi wa nane. Basi Bourne alichagua "done". Yachekesha kidogo kwamba katika maandishi ya sheli yenyewe, aliyoyaandika kwa C iliyovikwa mavazi ya ALGOL, neno OD alilitumia bila kizuizi.

Jambo zuri kuliko yote katika kazi ya Bourne, kwa maoni yangu, ni jinsi alivyolipatia sharti maana. Hakuweka baada ya "if" maneno ya kupima, aliweka amri. Kila programu katika Unix inapokufa huacha namba, na sifuri ina maana ya kwamba mambo yamekwenda vema. Kwake yeye amri yo yote yaweza kuwa sharti: ikiacha sifuri, sharti limetimia. Kupima kama faili yasomeka kukawa kazi ya programu iitwayo "test", ambayo ni kama roho ya "if" wa zamani iliyobaki nje baada ya jina lake kuingia ndani. Kwa hiyo Bourne hakuikataa imani ya Thompson yote. Hukumu ilibaki kwa wajumbe. Muundo wa sentensi ndio uliochukuliwa na sheli. Kwa upande wa mlango wa kusomea, faili ya amri haikushika tena mlango wa kawaida, na wale waliozoea kuandika chakula cha programu ndani ya faili ya amri walipewa alama rasmi ya kukitenga.

Wakati huo huo, huko Berkeley, California, Bill Joy alikuwa akitengeneza sheli ya C, iliyotoka miaka ya 1978 na 1979. Kwa sura yake mtu angeiona ni ya kisasa kama ile ya Bourne: ina "foreach", ina "while", ina "switch", na hesabu zake zaandikwa kwa mtindo wa C. Lakini tukichungulia ndani twakuta kidole cha Thompson kiko hai. Ilipofika penye "while", sheli hiyo iliandika kumbukumbu ya mahali marudio yalipoanza katika faili, na ilipofika penye "end" ilirudi kusoma pale pale upya. Sharti lisipotimia, ilipita mstari baada ya mstari ikitazama neno la kwanza la kila mmoja, mpaka ikutane na lile linalofunga. "Goto" naye alibaki. Matokeo yake yalionekana kwa mtumiaji: katika sheli ya Bourne marudio yote ni kitu kimoja, na majibu yake yaweza kupelekwa kwa bomba katika programu nyingine, katika sheli ya C hayawezi, kwa kuwa marudio si kitu, ni safari tu ya kurudi nyuma kitabuni.

Isidhaniwe kwamba mti wa Bourne haukuwa na gharama. Marudio yalipoelekezwa yasome faili fulani, sheli yake iliyakabidhi kwa mchakato mwana. Vigeu vilivyobadilishwa humo vilikufa pamoja na mwana, na mzazi akabaki na thamani za zamani. Waliojikwaa hapo walikuwa wengi, nao walijikwaa penye jiwe lile lile la saraka lililowashangaza Thompson na Ritchie miaka karibu kumi nyuma. Sarufi iliweza kuyaunganisha maneno kuwa sentensi moja, lakini haikuweza kuiunganisha michakato miwili kuwa nafsi moja.

Sarufi ya Bourne ndiyo iliyoshinda. Kanuni ya POSIX ya mwaka 1992 iliichukua kuwa msingi, na sheli nyingi zinazotumika leo huifuata. Kwa upande mwingine, MS-DOS ya mwaka 1983 ilirudi kwenye "goto" na alama ya nukta mbili, na mtindo huo ungali katika mashine za Windows.

Lakini nukta mbili za Thompson zimesalia hata katika nyumba ya Bourne. Zamani zilikuwa amri isiyotenda kitu: sheli ilipokutana na mstari wa alama ilipaswa kuupita bila neno, ili "goto" apate mahali pa kutua. "Goto" alipoondoka, amri hiyo haikufutwa. Nayo, kama kila amri, huacha namba inapokwisha, na kwa kuwa haikutenda kitu haikukosea, namba yake ni sifuri. Basi watungaji wa programu za sheli, wanapotaka marudio yasiyo na mwisho, huandika "while" na kufuatisha nukta mbili.